Karata Haishikwi kwa Huruma

Shangani, Mtwara
12 Januari 2024

Bhai Ehsan,

Assalaam alaykum.

Ukiiona bahasha hii usidhani nimevunja kiapo. Nilishika Msahafu mbele ya Baba nikaapa kwamba sitasema nawe wala sitapokea simu yako mpaka uache kamari. Kuandika hakukutajwa. Miaka yote hii sikuliona hilo, mpaka juzi nikiwa nakuna nazi likanijia wazi: ulimi wangu ndio uliofungwa, mkono haukufungwa. Kama nimekosea, Mungu ananijua.

Barua hii nampa kondakta wa basi. Nawe jibu kwa njia hiyohiyo, si kwa simu, maana Kamran na Baba wote wanaisikia ikilia.

Baba ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kupasuliwa hataki. Anakaa kwenye kiti chake mlangoni pa duka, anawatambua wateja kwa sauti zao na kwa namna wanavyokohoa. Kazi yote inafanywa na mume wangu Kamran. Mussa wa Naliendele bado yupo, yule mliyekuwa mkicheza naye gololi nyuma ya bohari. Siku hizi ana mikorosho yake mwenyewe, lakini akitoka shambani lazima apite dukani, abebe mifuko ya saruji, amwagie Baba maji ya kutawadha, ndipo aende kwake.

Sasa sikiliza. Watu wananiuliza, kaka yako anafanya kazi gani huko Dar? Nasema, biashara. Baba anasema unalewa na unaishi na wanawake wa kasino. Mimi nimechoka kutojua. Unafanya nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili, usinifiche na usinipambie.

Dada yako,
Samreen


Kariakoo, Dar es Salaam
25 Januari 2024

Mdogo wangu Samreen,

Waalaykum salaam. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama palepale ofisi ya basi, watu wananipiga vikumbo na mizigo yao.

Pombe sijaionja. Mwanamke wa kasino ninayemjua ni mmoja, Veronika, mhudumu, na mazungumzo yetu ni haya: "Sukari?" "Hapana." Ndiye ninayezungumza naye kuliko mtu mwingine yeyote katika mji huu.

Kazi yangu ni mashine. Si ile ya kubonyeza ukangoja matunda yajipange. Hii ni poka ya kwenye kioo. Inakupa karata tano. Unazishika unazozitaka, nyingine unazitupa, inakupa mpya mahali pake, mchezo umekwisha. Kila mkono una jibu moja lililo sahihi, nalo halitegemei ndoto, wala dua, wala bahati ya jana. Majibu hayo nimeyahifadhi kama wewe ulivyohifadhi Yasini.

Kabla sijakaa nasoma bei. Kila mashine imeandika juu yake inalipa nini, na watu hawasomi. Mimi natazama mistari miwili tu: karata tatu za namna moja pamoja na jozi, na karata tano za rangi moja. Nikikuta tisa na sita, nakaa. Nikikuta nane na tano, naondoka hata kama kiti ni kizuri. Mashine ya tisa na sita, ukicheza bila kosa, inakula kidogo sana, unywele tu. Kisha kasino ina pointi inazowapa wachezaji wake, na siku za pointi maradufu unywele ule unahamia upande wangu. Juu ya unywele huo ndipo ninapoishi. Kodi, chakula, dawa ya macho yangu, vyote vimetoka hapo, na si kwa bahati.

Unajua watu wanaliwa kwa sababu gani? Kwa huruma. Mtu ana jozi ya nane, na pembeni kaletewa ree. Anaishika na hiyo ree, kwa sababu inapendeza, kwa sababu ni kubwa, anaona vibaya kuitupa. Au kapewa tano za shupaza, malipo yako mkononi, lakini nne kati ya hizo ni ghulamu, bibi, mfalme na ree. Jibu sahihi ni kuitupa ile ya tano, uyaache malipo uliyokwishapewa, ungoje kumi, ikamilishe mkono unaolipa kuliko yote. Mara nyingi kumi haiji. Haidhuru, jibu linabaki lilelile. Mimi karata siishiki kwa kuipenda. Nikipata sifurahi, nikikosa sisikitiki. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Samreen; kubonyeza anaweza mtoto.

Baba anaiita kamari. Sawa. Lakini mwenye kamari ni yule anayetumaini. Mimi niliacha kutumaini siku nyingi.

Msomee Kamran ukipenda. Sina la kuficha.

Kaka yako,
Ehsan


Shangani, Mtwara
18 Februari 2024

Bhai Ehsan,

Nilitaka unieleze, umenieleza. Sasa basi, usiandike tena habari za karata. Mtu anayejisifu kuwa hafurahi wala hasikitiki namwonea huruma, na wewe mwenyewe umesema huruma ni hasara.

Nilimsomea Kamran. Nilidhani atacheka, lakini aliichukua akaisoma mwenyewe, kisha akaisoma tena. Wakati wa chakula ananiuliza, hizo tano za rangi moja lazima zifuatane? Nikamwambia, sisi rangi tunauza kwa kopo, nyekundu, nyeupe na kijani, hiyo nyingine kamuulize shemeji yako. Akacheka kwelikweli. Miezi mingi sijamsikia akicheka. Duka linamchosha, na Baba unamjua, kila akifanyacho mtu lazima kisahihishwe.

Mwezi ujao anakuja Dar kuchukua mzigo. Mpokee, mle pamoja. Ni mtu mzuri kuliko unavyomkumbuka kwenye harusi. Baba hajui kama tunaandikiana, na Kamran hatasema.

Samreen


Mtwara
20 Februari 2024

Shemeji Ehsan,

Salaam nyingi. Nakuandikia mimi mwenyewe, Samreen hajui. Ukijibu, andika jina langu kwenye bahasha, nitaichukua ofisi ya basi.

Barua yako imenikaa kichwani. Tangu nimeoa nauza misumari ya watu wengine. Mteja akiingia ananipita, anakwenda kumwamkia mzee mlangoni, kisha ananiagiza mimi kama kijana wa duka. Nikipanga mabati hivi, mzee anayapapasa, anasema, vile. Sijawahi kuwa na kitu ambacho mtu akiniuliza nasema hiki nakijua mimi.

Wewe umesema kila mkono una jibu moja. Shemeji, hujui maneno hayo yamenifariji vipi. Nataka kujifunza. Si kwa tamaa. Nataka kujua tu.

Wako,
Kamran


Kariakoo, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Shemeji Kamran,

Ningekuwa na busara ningekuandikia mstari mmoja: kauze misumari. Lakini katika watu wote wa nyumbani ni wewe peke yako uliyewahi kuniuliza kazi yangu kwa kutaka kuijua. Nimeitafuta sababu ya kukukatalia, sikuipata.

Nimekuwekea karatasi yenye majibu kwa mpangilio wake, kutoka mkono wa kushika wote hadi mkono wa kutupa wote. Ihifadhi. Chukua karata za kawaida, jigawie tano juu ya kitanda, jiulize, jibu, halafu tazama kwenye karatasi. Fanya hivyo mpaka uchoke, kisha ufanye ukiwa umechoka, maana mezani utakuwa umechoka.

Masharti yangu. Usiguse yale madubwi ya vibandani huko Mtwara, ya kutumbukiza sarafu. Hayana jibu, yana mdomo tu. Usicheze mashine ambayo hukusoma bei yake. Usicheze bila mimi. Na ukija, uje na fedha yako mwenyewe ya mfukoni, mzigo wa duka uwe umeshalipiwa.

Ehsan


Kariakoo, Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Shemeji Kamran,

Natumai ulifika salama kabla mvua hazijaharibu barabara.

Nakuandikia jambo ambalo sikuweza kulisema tukiwa pamoja, kwa sababu ulikuwa unacheka na kulia na kumkumbatia Veronika wa watu.

Mkono ule wa kumi hadi ree, zote za kopa, mimi nimeungoja kwa miezi mingi zaidi ya mara moja. Wewe umeupata siku ya kwanza, kabla chai yako haijapoa. Wachezaji wote ukumbini waliinuka kuja kukushika mkono. Mimi nilibaki nimekaa, na ukaniuliza, "Shemeji, hufurahi?"

Sikufurahi, niliogopa. Uliniambia, "Nilijua inakuja, niliisikia." Kamran, hukuisikia. Hakuna cha kusikia. Ile mashine haikujui na haitakukumbuka. Mtu akianza kwa kuliwa, anajifunza. Akianza hivi, hana mwalimu tena.

Chukua ulichopata, mfanyie mke wako jambo. Usirudi mezani. Karatasi niliyokupa ichome.

Ehsan


Shangani, Mtwara
9 Juni 2024

Bhai Ehsan,

Barua zimekawia kwa sababu ya barabara. Mvua zilikata kule njiani, mabasi yakalala, watu wakavuka kwa miguu na mabegi vichwani. Sasa ni salama.

Nakuandikia kukushukuru. Sikudhani nitakushukuru kwa jambo lolote mwaka huu. Tangu Kamran alipoanza kuja kwako kila mwezi amekuwa mtu mwingine. Ameninunulia bangili, ameezeka upya banda la Mussa, na Baba akimsahihisha anasema "ndiyo Baba" huku akitabasamu. Duka limejaa, rafu zote mpaka juu. Hata kufuta vumbi anafuta mwenyewe, hataki mtu apande kwenye rafu za juu, anasema makopo ya siku hizi yanapata kutu yakishikwashikwa. Baba anasema, hatimaye mkwe wangu amelipenda duka.

Ananiambia mnakula pamoja kila akija, na kwamba umekonda. Kula, Bhai. Kama anakusumbua kwa kulala kwako mara kwa mara, sema.

Samreen


Kariakoo, Dar es Salaam
17 Juni 2024

Mdogo wangu Samreen,

Nimefurahi kwamba mko salama na mvua.

Ndiyo, Kamran huwa anafika. Hanisumbui hata kidogo. Tunakula, tunazungumza, analala.

Ila safari hizi za kila mwezi zinachosha mtu, na nauli, na barabara yenyewe ndiyo hiyo. Mwambie aagize mzigo kwa simu. Wafanyabiashara wenzenu wote wanafanya hivyo siku hizi. Mshikilie kidogo akae nyumbani.

Salaam kwa Mussa.

Kaka yako,
Ehsan


Kariakoo, Dar es Salaam
17 Juni 2024

Kamran,

Tangu Machi sijakuona. Dada yangu ananishukuru kwa kukulaza kila mwezi. Nimemjibu kwamba ni kweli, nimemdanganya kwa ajili yako, na sitarudia.

Unachezea wapi? Mashine gani, bei yake ikoje? Fedha ni ya nani?

Nijibu.

Ehsan


Mtwara
4 Agosti 2024

Shemeji,

Nisamehe kwa kuchelewa. Naandikia stoo.

Kasino ninayokwenda ni nyingine, sikutaka unione. Bei yake ni nane na tano. Najua. Ulisema niondoke. Lakini kwenye mashine yenu nitakaa karibu nawe, na wewe ukinitazama mkono wangu unakuwa mzito.

Ulisema mashine haina kumbukumbu. Mimi naiona ina kumbukumbu. Nikifika nashika kama ulivyonifundisha, sikosei hata mara moja. Kisha inaniangusha, inaniangusha, na hapo mkono unaanza kuona huruma. Naiona ree pembeni, nasema, hii nikiitupa ndiyo ingenirudisha. Nikishamaliza najua kila kosa nililofanya, nayahesabu njiani hadi Lindi. Kabla hujanifundisha ningekuwa naliwa bila kujua. Sasa naliwa na najua kwa nini. Wewe hilo unaliitaje?

Duka linaonekana vizuri. Hakuna aliyejua. Korosho zikianza kuuzwa watu watajenga, mauzo yatapanda, nitarudisha kila kitu mahali pake kabla mtu hajagusa. Nakuomba kwa jina la Mungu usimwambie Samreen. Ukimwambia sitaweza kukaa nyumba ile hata siku moja.

Kamran


Shangani, Mtwara
21 Septemba 2024

Bhai Ehsan,

Baba ameanguka. Amevunjika nyonga.

Nakueleza ilivyokuwa, maana nilikuwepo. Fundi Yohana wa Chuno alikuja kutaka rangi nyeupe ya mafuta. Mussa alikuwa nje anashusha nondo, Kamran alikuwa amekwenda benki. Nikasema, fundi, ngoja kidogo. Baba akasema, "Nani angoje? Nyeupe iko rafu ya juu kulia, naijua kwa mkono." Akapanda stuli. Nikamwambia, "Baba, shuka." Akasema, "Kabla hujazaliwa napanda hapa."

Alilishika kopo la lita nne kwa mikono miwili, akajikaza kulivuta kama linavyotakiwa kuvutwa kopo lililojaa. Likaja kama karatasi. Nguvu zote alizojikaza nazo zikamrudi mwenyewe. Alikwenda chali, kopo bado liko mikononi mwake, na lilipopiga sakafu kifuniko kikafunguka. Ndani palikuwa pakavu, na ganda la rangi ya zamani, ya buluu.

Yohana alimbeba hadi kwenye gari. Tulipomfikisha hospitali nilirudi, mimi na Mussa tukashusha makopo yote. Rafu nzima nzima ni makopo matupu. Kamran ameyanunua kwa mafundi rangi, ameyaosha, ameyagonga vifuniko kwa nyundo. Saruji ni safu ya mbele tu, nyuma yake ameegesha mbao. Nilikuwa nakaa ndani ya duka lile kila siku, Bhai, naandika risiti, na duka halikuwepo.

Kamran hakurudi kutoka benki. Nguo zake chache hazipo. Watu wa kule kwao Mikindani hawajamwona. Wengine wanasema amevuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Yuko kwako? Nakuuliza hilo tu. Simtaki kwa ugomvi. Nataka kujua kama yu hai.

Samreen


Kariakoo, Dar es Salaam
29 Septemba 2024

Mdogo wangu Samreen,

Pole sana. Sina maneno. Nimetuma kitu kidogo kwa ajili ya hospitali, mpe daktari, usimwambie Baba kimetoka wapi.

Kamran hayupo kwangu. Nikisikia habari zake nitakuarifu mara moja.

Usilie sana. Mtu aliyechukua nguo zake ni mtu aliyekusudia kuishi.

Kaka yako,
Ehsan


Shangani, Mtwara
16 Oktoba 2024

Bhai Ehsan,

Baba tumemrudisha nyumbani. Daktari alitaka kumpasua, moyo wake haukuruhusu. Amelala chumba cha mbele, dirisha wazi, kifua kimeanza kukoroma. Mussa anamgeuza asubuhi na jioni, mimi peke yangu siwezi.

Nilikuwa nimekusudia kumficha habari ya duka. Nikamwambia stuli iliteleza. Akanyoosha mikono yake miwili hewani kama ameshika kitu, akasema, "Kopo lile lilikuwa jepesi, Samreen. Macho yangu ndiyo yaliyokufa, mikono haijafa." Ikabidi nimwambie yote ninayoyajua. Hakumlaani Kamran. Aliomba maji.

Jana alinishika mkono akasema, "Mwite Ehsan." Nilidhani anaweweseka. Akasema tena, "Mwite. Nilimfukuza mtoto kwa ajili ya kamari, nikamweka dukani mtu nisiyemjua. Ehsan alikwenda kuharibu maisha yake mwenyewe. Hakugusa kitu cha mtu, hakumwingiza mtu. Mwambie sitamuuliza neno lolote. Aje tu nimshike kichwa."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Kiapo changu ameniondolea mwenyewe, lakini sikupigii simu. Nataka uyasome, si uyasikie njiani ukiwa na haraka. Panda basi. Leo amemwambia Mussa amnyoe, usije ukamkuta na ndevu za mgonjwa.

Samreen


Kariakoo, Dar es Salaam
30 Oktoba 2024

Samreen,

Nimechelewa kukujibu, nami sijapanda basi. Naanza na lile ambalo nilipaswa kukuandikia mwezi uliopita.

Kamran yuko hapa. Alikuja moja kwa moja siku ileile Baba alipoanguka. Alikuwa anarudi dukani, akaona watu wamejaa mlangoni na Yohana amembeba Baba, akageuza, akachukua nguo nyumbani, akapanda basi. Nilipokuandikia kwamba hayupo, alikuwa amekaa kitandani kwangu anaitazama kalamu yangu.

Na aliyemfundisha ni mimi. Aliniandikia baada ya wewe kumsomea barua yangu. Nikampelekea karatasi, nikampokea, nikakaa naye kwenye mashine. Mwezi Machi ndipo alipokuja kwangu, mara hiyo tu. Safari nyingine zote nilizokuambia kwamba tulikula pamoja, sikumwona. Nilijua kuanzia Juni kwamba kuna jambo, na Agosti nikajua yote. Ningekuandikia mstari mmoja wakati ule, Baba asingepanda stuli ile.

Nilitaka kuja. Nilikwenda ofisi ya basi nikakata tiketi. Jioni nikaisoma tena barua yako, pale Baba aliposema sikumwingiza mtu. Samreen, ningeingiaje chumba kile? Anishike kichwa kwa jambo hilo? Nikajiambia nitakwenda kesho. Kisha zawadi kubwa ya mashine za safu yetu, ile inayokua mpaka mmoja wetu aipate, ilikuwa imepanda kuliko nilivyowahi kuiona, kiasi kwamba kila mkono ulikuwa na faida, nikajiambia mtu mwenye akili haondoki wakati huu. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilikaa kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Mwishowe aliipata mama mmoja wa kiti cha tatu, aliyekuwa anabonyeza huku anaongea na simu.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi. Sikutaka Kamran aondoke. Tukitoka kasino tunakula chipsi mayai kibandani, tunabishana, mkono ule ulipaswa kushikwa vipi. Anajua ninachosema. Katika miaka yote hii sikuwahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye. Nilimfunga kwangu nikijiambia namlinda asicheze ovyo.

Niambie nifanye nini. Nikija sasa, Baba atanipokea? Nimwambie, au ninyamaze?

Ehsan


Shangani, Mtwara
11 Novemba 2024

Ehsan,

Barua yako nimeipata baada ya maziko. Baba alifariki tarehe ishirini na nane, siku mbili kabla hujashika kalamu. Kwa hiyo maswali yako ya mwisho yamejijibu.

Kwamba Kamran yuko kwako nilijua tangu mwanzo wa Oktoba. Kondakta anayekuletea barua zangu ndiye aliyemteremsha, akakuona unampokea begi. Aliponiambia nilikuwa nimeshika barua yako mkononi, ile uliyosema hayupo. Sikukuandikia kukusuta. Nilisema moyoni, nitamwita kwa ajili ya Baba, akija mwenyewe nitayasahau. Nilikuwekea mlango wazi kwa makusudi.

Lakini kwamba wewe ndiye uliyemfundisha, hilo sikulijua. Nilidhani mmekutana kwenye aibu, kumbe mlianzia kwenye barua, nami ndiye niliyemsomea. Hilo ni fungu langu na nitalibeba. Lako libebe mwenyewe, usiniulize uliweke wapi.

Baba alikungoja. Kila basi la jioni lilipopiga honi kule barabarani alisema, "Mfungulie." Siku za mwisho hakusema, aligeuza uso tu kuelekea mlangoni. Alikufa akikusifu, kwamba hukugusa kitu cha mtu. Nashukuru barua yako ilichelewa. Ingewahi, ningelazimika kuchagua kumsomea au kutomsomea, na sijui ningefanya nini.

Mwambie Kamran nimekwenda kwa kadhi kudai talaka. Akitaka kukataa, aje akatae mbele yangu. Najua hatakuja. Kaeni pamoja, mna mengi ya kuzungumza.

Nyumba nimeibakiza. Duka nimefunga upande mmoja, upande wa pili nauza nilichonacho, kidogo, na mteja akiomba kisichokuwepo namwambia hakipo. Usinitumie kitu.

Umeniambia juu ya yule mama aliyekuwa akiongea na simu. Nimelifikiria sana, Ehsan, kuliko mengine yote uliyoandika. Baba amelala anakufa, na wewe ukaona jambo la kunieleza ni nani aliipata.

Ukitaka kujua maziko yalikuwaje, nitakuambia kama nilivyoambiwa na wanaume waliorudi kutoka makaburini. Watu walikuwa wengi, mpaka wa Mikindani, mpaka mafundi wa Chuno na Ufukoni. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, udongo mzito. Baada ya sala imamu aligeuka, akauliza kama desturi, mtoto wa marehemu yuko wapi, ashuke kaburini ampokee baba yake. Wakatazamana. Akauliza mara ya pili.

Mussa alivua viatu akasema, "Mimi hapa." Hakuna aliyemkatalia.

Samreen binti Hussainali